Herufi ndogo kwenye kompyuta: tukuze maandishi, tusipunguze nukta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa mtu asiyeshinda mbele ya kompyuta huenda likaonekana dogo, lakini kwetu sisi tunaochapa nyaraka, tunaotunza vitabu vya hesabu na tunaojaza fomu za watu kutwa nzima, linatuumiza macho na kutuharibia kazi. Jambo hilo ni ukubwa wa maandishi kwenye kompyuta zenye skrini za nukta nyingi, yaani vile vitone vidogo mno vinavyounda picha kwenye kioo, na tabia iliyozoeleka miongoni mwa baadhi ya mafundi wetu ya kulitibu kwa kupunguza nukta badala ya kukuza maandishi.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, na kazi ya kuchapa nimeifanya kwa miaka 22. Nilianza kwenye vile vioo vizito vyenye kisogo, nikahamia kwenye vioo bapa vya inchi 17, na sasa meza yangu inapitiwa na kompyuta za kila namna, nyingi zikiwa za mtumba zilizotumika maofisini huko ughaibuni kabla ya kufika kwetu. Kompyuta hizi si mbaya hata kidogo. Baadhi yake zina skrini nzuri kuliko yoyote ambayo ningemudu kuinunua mpya, na kwa kweli tatizo ninalolisema linaanzia kwenye uzuri huo.

Mwezi uliopita alinijia katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mama wa miaka 58, ambaye mwanawe alimnunulia kompyuta mpakato ya inchi 15.6 yenye nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Mtumiaji wa kwanza wa kompyuta hiyo alikuwa ameiacha kwenye ukuzaji wa asilimia 100, ambao ni sawa na kutokuza kabisa, na kwa hiyo maandishi yalionekana kama sisimizi. Mama akairudisha kwa fundi aliyewauzia, fundi akashusha nukta hadi 1366 kwa 768, maandishi yakavimba, akamkabidhi kompyuta yake. Mama aliondoka akishukuru, kwa kuwa sasa aliona kitu. Hakuambiwa kwamba kila herufi imepakwa ukungu.

Hesabu za kikundi anaziweka kwenye Excel, naye alikuwa amezifinya ili safuwima za miezi yote 12 zionekane kwa pamoja. Siku ya kikao, mwanachama mmoja akasomewa akiba ya shilingi 33,000 ilhali alikuwa ameweka 38,000. Sauti zikapanda, daftari la mkono likaletwa, na ikaonekana kwamba namba iliyomo ndani ya kompyuta ilikuwa sahihi. Kilichokosea ni jicho. Alipofika dukani kwangu aliigeuza kompyuta, akaweka kidole kwenye kisanduku kimoja na kuniambia, “Mdogo wangu, hebu nitazamie, hii ni tatu au nane?” Nilisogeza uso mpaka nikakaribia kukigusa kioo, na sikuweza kumjibu kwa yakini mpaka nilipobofya kisanduku chenyewe na kuisoma namba kwenye mstari wa juu, ambako huandikwa kubwa zaidi. Nikarudisha nukta zote za kioo, nikapandisha ukuzaji hadi asilimia 300, nikamwomba aketi kama anavyoketi kwake, na ile nane ikasimama na matumbo yake mawili. Kazi hiyo haikuchukua dakika 2.

Nieleze kilichotokea, kwa kuwa ndicho kiini cha barua hii. Skrini bapa ni kama ukuta wa vigae ambao idadi ya vigae vyake imewekwa kiwandani, na hakuna fundi awezaye kuiongeza wala kuipunguza. Fundi anapochagua 1366 kwa 768 kwenye skrini ya 3840 kwa 2160, hakipunguzii kioo nukta hata moja. Anaiamuru kompyuta ichore picha ndogo, kisha picha hiyo itandazwe juu ya nukta zilezile zinazokaribia milioni 8.3. Gawanya 3840 kwa 1366, utapata 2.81. Kila nukta ya picha inatakiwa kufunika nukta 2.81 za kioo kwa upana, na vivyo hivyo kwa kimo, na kwa sababu nukta haikatiki, kompyuta hulazimika kuchanganya rangi za nukta zinazopakana, nyeusi ikawa kijivu na kingo za herufi zikayeyuka. Ule uwazi mdogo ulio upande wa kushoto wa tatu, ambao ndio pekee unaoitenganisha na nane, huwa wa kwanza kuzibwa.

Ukuzaji unafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani ya kompyuta herufi za kisasa hazihifadhiwi kama picha. Huhifadhiwa kama maelezo ya mistari na mikunjo, mfano wa kielelezo cha fundi cherehani ambacho hicho kimoja kinaweza kukatiwa kanzu ya mtoto au ya mtu mzima. Ukiiambia kompyuta ikuze kwa asilimia 300, huichora herufi upya kwa nukta mara 3 kwa upana na mara 3 kwa kimo, yaani herufi iliyokuwa na nukta chache za kujieleza inapewa mara 9 ya zile ilizokuwa nazo. Maandishi yanakuwa makubwa na wakati huohuo yanakuwa safi. Mtu aliyelipia skrini ya nukta nyingi alilipia usafi huo, na anayezishusha nukta anamnyang'anya mteja kitu alichokinunua.

Asili ya tatizo ni ya zamani kuliko kompyuta hizi. Kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple, ya mwaka 1984, ilikuwa na skrini ya nukta 72 kwa kila inchi, ili pointi moja ya wapiga chapa, ambayo ni sehemu ya 72 ya inchi, ilingane na nukta moja ya kioo. Microsoft katika Windows yake ikashika nukta 96 kwa inchi, yaani theluthi moja zaidi, kwa hoja kwamba mtu huketi mbali na kioo kuliko anavyoishika karatasi. Kwa hesabu hiyo herufi ya ukubwa wa 12 ikapata nukta 16, na watengenezaji wa programu wakazoea kupima kila kitu kwa nukta, vitufe, visanduku na nafasi, kana kwamba nukta ni kipimo thabiti kama sentimita. Kile kioo changu cha inchi 17 chenye nukta 1280 kwa 1024 kilikuwa na nukta 96 kwa inchi barabara, ndiyo maana kwa miaka mingi sikuwahi kuliwazia jambo hili. Kompyuta ya katibu wetu ina nukta 282 kwa inchi. Alama iliyokuwa na kimo cha milimita 3 kwenye kioo changu, isipokuzwa, kwake ina milimita 1.

Windows za siku hizi hukisoma kioo na kupendekeza zenyewe asilimia ya ukuzaji, na mara nyingi pendekezo hilo ni zuri. Lakini kompyuta haijui umri wa macho ya anayeitazama wala umbali anaoketi, na kompyuta ya mtumba huja na mapendeleo ya mtu mwingine. Kijana wa miaka 25 anayetaka kuona madirisha manne kwa pamoja ataiweka kwenye asilimia 125 na ataridhika. Sisi tuliovuka miaka 40, ambao lenzi ya jicho imekwisha kuanza kukakamaa na vitu vya karibu vinatusumbua, hatuwezi kuishi na chaguo lake.

Kuna kosa jingine ambalo wateja wangu wanalilipia kwa fedha taslimu. Mtu akishindwa kusoma maandishi yake, haugusi ukuzaji kwa kuwa hajui kwamba upo. Anachofanya ni kuongeza ukubwa wa herufi ndani ya waraka wenyewe. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea ripoti ya mafunzo kwa vitendo aliyoichapa nyumbani kwa herufi za ukubwa wa 18, kwa sababu za 12, ambazo ndizo chuo kilichoagiza, kwenye skrini yake hazikusomeka. Ripoti iliyotakiwa kuwa na kurasa thelathini na kitu ilikuwa imefika 61. Tulipoirudisha kwenye 12, namba za kurasa kwenye yaliyomo zote zikawa za uongo, picha zikahama na kuacha maelezo yake kwenye kurasa nyingine, majedwali yakakatika katikati, nasi tukaketi kuipanga upya mpaka adhana ya magharibi. Kijana alikuwa na zamu ya kuiwasilisha kesho yake asubuhi.

Kwa faida ya wasomaji wako nitenganishe mambo matatu yanayochanganywa. Ukubwa wa herufi unaouchagua ndani ya waraka huenda mpaka kwenye karatasi, na printa itauheshimu. Kile kitelezi kilichoko pembe ya chini kulia ya Word, au kushikilia kitufe cha Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya, hukusogezea waraka huo karibu na macho bila kuubadilisha, lakini menyu, majina ya mafaili na programu nyingine hubaki ndogo kama zilivyokuwa. Ukuzaji wa mfumo, ambao ndio ninaoupigania hapa, hukuza vyote kwa pamoja, na printa haina habari nao: herufi ya 12 itatoka ya 12 iwe umekuza kwa asilimia 100 au 300.

Mahali pa kuubadilisha si pa siri. Kwenye Windows 10 na 11, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya sehemu tupu ya skrini, chagua mipangilio ya skrini, teremka kidogo. Utakuta sehemu mbili zinazofuatana: ya juu inataja asilimia, na ya chini yake inataja namba mbili zenye alama ya kuzidisha katikati. Hizo namba mbili ndizo idadi ya nukta. Ziache kwenye zile ambazo Windows yenyewe imeziandikia kwamba ndizo zinazopendekezwa. Asilimia ndiyo ya kuchezea. Panda hatua moja, soma, panda nyingine, soma, na ukimaliza toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena, kwa sababu programu zilizokuwa wazi huenda zisiipokee asilimia mpya mpaka zianze upya. Watu wengi huona ukungu katika hatua hii ya katikati, wakadhani wameharibu, wakarudi walikotoka.

Sitasema kwamba ukuzaji hauna kasoro. Asilimia 200 na 300 ni rahisi kwa kompyuta, kwa kuwa mstari wenye unene wa nukta 1 unakuwa wa nukta 2 au 3 kamili. Asilimia 125, 150 na 175 zina taabu yake. Mstari wa nukta 1 ukikuzwa kwa asilimia 150 unatakiwa uwe na nukta 1 na nusu, na nusu nukta haipo, kama vile anayesuka ukili asivyoweza kutia mwaa mmoja na nusu. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu huamua mstari upi uwe 1 na upi uwe 2, na herufi ikatoka safi. Iliyotengenezwa kwa haraka huacha ukungu. Kampuni ya Apple ilikwepa taabu hiyo kwa kuzidisha kwa mbili. Mwaka 2010 simu ya iPhone 4 ilitoka na nukta mara mbili ya zile zilizotangulia kwa upana na kwa kimo, na mwaka 2012 ikaja MacBook Pro ya nukta 2880 kwa 1800 iliyochora vitu kwa ukubwa uleule wa skrini ya 1440 kwa 900, lakini kwa nukta nne mahali palipokuwa na moja. Windows, ambayo inawekwa kwenye skrini za watengenezaji wengi na za kila kipimo, haikuwa na wepesi huo.

Zipo pia programu za zamani zisizojua lolote kuhusu ukuzaji. Windows ikikutana nayo, huiacha ijichore kwa ukubwa wa zamani kisha huivuta picha yake kama mpira, na tunarudi kwenye ukungu uleule. Jirani yangu mmoja, ustadhi anayefundisha madrasa, huandaa masomo ya watoto kwa khati ya Kiarabu katika programu ya aina hiyo, na kwake ukungu si suala la uzuri. Katika khati ile herufi nyingi hutofautiana kwa nukta zinazoandikwa juu au chini yake tu. Te ikiwa mwanzoni au katikati ya neno ina nukta mbili juu, nuni ina moja, na umbo la chini ni lilelile. Nukta mbili za te zikiyeyuka na kuwa doa moja, te imekuwa nuni. Alichapa nuni mahali pa te, akaipitia kazi yake kwenye kioo mara mbili asione kosa, na makaratasi arobaini yakatoka nalo. Mtoto wa miaka 9 ndiye aliyeligundua.

Tulilolifanya kwa ustadhi linaweza kumfaa mtu mwingine mwenye programu ya zamani ya hesabu au ya duka. Bofya kwa kitufe cha kulia ikoni ya programu, fungua sifa zake, nenda kwenye sehemu ya upatanifu (Compatibility), na humo utakuta kitufe cha kubadilisha mipangilio ya skrini zenye nukta nyingi. Ukiweka tiki kwenye kisanduku cha mwisho unapewa chaguo tatu. La kwanza linaiachia programu ijichore yenyewe, na itakuwa safi lakini huenda ikawa ndogo. La pili linauachia mfumo uivute kama kawaida. La tatu, lililoongezwa kwenye Windows 10 mwaka 2017, linaujaribisha mfumo uyachore upya maandishi ya programu hiyo, na linafaulu kwa baadhi ya programu za zamani ingawa si zote. Kwa ya ustadhi lilifaulu. Jaribu la tatu kwanza.

Kwa skrini za kawaida za kompyuta mpakato zenye nukta 1366 kwa 768 nitoe tahadhari moja tu: usipite asilimia 125. Ukifika 150, programu huhesabu kana kwamba zimebakiwa na nukta 512 za kimo, na dirisha refu litashuka chini ya skrini pamoja na kitufe chake cha kukubali, usiweze kulifikia.

Anayeunganisha kioo cha pili au projekta ajue kwamba tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013 kila skrini inaweza kuwa na asilimia yake. Walimu wanaolalamika kwamba maandishi yanakuwa makubwa mno au madogo mno wanapounganisha projekta wafungue mipangilio ileile, wabofye picha ya skrini ya pili, na kuibadilisha hiyo peke yake.

Kuhusu Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows, ambao mimi huuweka kwenye kompyuta kuukuu za wanafunzi kwa kuwa ni mwepesi na hauna gharama ya leseni, mambo hutegemea mazingira yaliyochaguliwa, yaani programu inayopanga madirisha na menyu. Msingi wa zamani wa kuchora madirisha, uitwao X11, ni wa mwaka 1987, wakati ambapo mtu mmoja kuwa na vioo viwili vyenye msongamano tofauti wa nukta halikuwa jambo la kawaida, na mpaka leo si rahisi kuvipa viwango tofauti ndani yake. Msingi mpya, Wayland, unaliweza hilo. Kwenye Xfce, mojawapo ya mazingira hayo na ndiyo ninayoitumia zaidi, nenda kwenye mwonekano, sehemu ya fonti, ubadilishe ile 96 iwe 120 kwa asilimia 125 au 144 kwa asilimia 150. Maandishi yatakua, ingawa ikoni zitahitaji kukuzwa kwa mkono.

Ninalo neno pia kwa vijana wetu wanaotengeneza programu na kurasa za intaneti kwa Kiswahili, kazi ninayoithamini sana. Maneno yetu ni marefu. Kitufe ambacho kwa Kiingereza kina neno la herufi nne, kwetu kinaandikwa “Hifadhi mabadiliko”, na aliyekipimia upana wake kwa nukta akiwa mbele ya skrini yake mwenyewe hajui kwamba kwa mzee aliyekuza kwa asilimia 150 kinasomeka “Hifadhi mabadi”, au kwamba kitufe cha pili kimesukumwa kikapotea. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti zinazofikiwa na watu wote, uliotolewa na shirika la W3C mwaka 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza yaliyomo wala kazi ya ukurasa. Kulipima hilo hakuhitaji kifaa chochote. Fungua ukurasa wako, shikilia Ctrl, bonyeza alama ya kujumlisha mpaka ufike 200, kisha ujaribu kuijaza fomu yako mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi hujaza fomu za watu kila siku, na zipo ambazo nalazimika kurudisha maandishi yawe madogo ili nikione kitufe cha kutuma, nikiwa na mwenye fomu pembeni yangu ambaye angependa kusoma kinachotumwa kwa jina lake.

Mhariri, ninaowalenga zaidi ni wauzaji na mafundi, kwa kuwa wao ndio wanaomkabidhi mtu kompyuta. Wengi wao ni watu waaminifu, na wanaposhusha nukta wanafanya hivyo kwa nia ya kumsaidia mteja aliyesimama mbele yao akilalamika. Nawaomba wabadili hatua moja tu katika kazi yao. Kabla ya kompyuta kutoka dukani, mwenye kuitumia aketi mbele yake kwa umbali wake wa kawaida, afunguliwe waraka wenye maneno na jedwali lenye namba, aulizwe kama anaisoma tatu na nane bila kuinama, na ukuzaji uwekwe kulingana na jibu lake. Kama kompyuta inanunuliwa na mtoto kwa ajili ya mzazi, fundi amwoneshe mtoto pale asilimia inapobadilishwa, kwa kuwa ndiye atakayepigiwa simu. Nanyi mnaofundisha kompyuta kwenye vyuo vyetu vidogo vya mitaani, ambako somo la kwanza huwa ni kushika kipanya na la pili kufungua Word, liwekeni hili katikati ya hayo mawili, kwa sababu mwanafunzi asiyesoma kilichoandikwa kwenye menyu atakariri mahali pa vitufe badala ya kuvielewa, na programu ikibadilika atakuwa hajui kitu.

Kwa upande wa gazeti lako, ningefurahi kama waandishi wa habari za teknolojia wangeyaeleza mambo ya aina hii kwa kina kama wanavyozieleza simu mpya zinazotoka. Maneno tunayo: nukta, ukuzaji, msongamano wa nukta, upatanifu. Nimeyatumia na wateja wangu, wazee kwa vijana, na wameyaelewa.

Wasomaji wa Tanga mjini wenye kompyuta zinazowasumbua kwa herufi ndogo au zenye ukungu nawakaribisha dukani siku yoyote baada ya saa kumi alasiri, nami nitawawekea ukuzaji bila malipo. Mtu aje na miwani anayoitumia kila siku, na kama nyumbani huunganisha kioo cha pili, aje na kioo hicho pamoja na waya wake, kwa sababu asilimia ya kioo kimoja haiwezi kupangwa kwa kutazama kingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchapaji,
Ngamiani, Tanga